Kufundisha Juu ya Bakteria Wajifichao Ndani ya Seli: Mfano wa Ukoma

Utangulizi

Maradhi ya kuambukiza ni mada ambayo mwalimu mwanafunzi hataweza kuikwepa katika mazoezi yake ya kufundisha. Aghalabu mada hii hufundishwa kwa orodha: jina la ugonjwa, dalili zake, kinga yake. Wanafunzi huinakili orodha ubaoni, huikariri, huijibu katika mtihani, kisha huisahau. Makala haya yanakusudia kuonyesha njia nyingine. Tutachukua kundi moja la bakteria, tueleze tabia yao moja, kisha tuone jinsi tabia hiyo inavyotawala namna ugonjwa unavyoenea, unavyojionyesha na unavyopimwa. Mwanafunzi aliyeielewa tabia hiyo hahitaji kukariri sana, kwa kuwa mengi atayafikia kwa kufikiri.

Kundi lenyewe ni la bakteria waishio ndani ya seli za mwili, na mfano tutakaoufuata ni ukoma. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni ugonjwa ambao dalili yake ya mwanzo huonekana juu ya ngozi, mahali ambapo jicho la mwalimu hufika kila siku. Pili, ni ugonjwa unaopona kabisa kwa dawa, lakini ulemavu unaoachwa na kuchelewa hauponi. Baina ya baka la kwanza na kidole kilichopinda hupita muda mrefu, na sehemu kubwa ya muda huo mtoto huwa ameketi mbele ya mwalimu.

Bakteria aishiye ndani ya seli ni yupi?

Bakteria walio wengi huishi nje ya seli zetu: juu ya ngozi, katika utumbo, katika usaha wa kidonda. Wakileta madhara, mwili huwapiga vita kwa silaha mbili kubwa. Ya kwanza ni kingamwili, ambazo husafiri katika damu na kuwanata bakteria popote zinapowakuta. Ya pili ni seli nyeupe zenye kazi ya kuwameza wageni na kuwasaga.

Bakteria wa kundi letu wameipata hila ya kuishinda silaha hiyo ya pili. Seli nyeupe huwameza, lakini haiwezi kuwasaga. Hubaki mle ndani wakila na kuzaana, wamefanya makao yao katika tumbo la askari aliyetumwa kuwaua. Na kwa kuwa wamo ndani, kingamwili zinazopita nje haziwafikii. Mwili hubaki na njia moja tu ya maana: kuziamsha na kuzitia nguvu seli zenyewe ziwaue waliomo, au kuziangamiza zile zilizokwisha kukaliwa. Mtu ambaye mwili wake huiweza kazi hiyo huambukizwa na asiugue. Asiyeiweza huugua.

Wapo katika kundi hili wanaoweza kuishi nje ya seli na ndani pia, kama bakteria wa homa ya matumbo na wa kifua kikuu. Wapo pia wasioweza kabisa kuzaana nje ya seli iliyo hai, kama bakteria wa trakoma, ule ugonjwa wa macho unaopofusha. Bakteria wa ukoma ni wa namna hii ya pili. Alitambuliwa mwaka 1873 na Gerhard Armauer Hansen, daktari wa mji wa Bergen nchini Norwei, miaka tisa kabla Robert Koch hajamtangaza bakteria wa kifua kikuu. Hata hivyo, tangu siku hiyo hadi leo hakuna maabara iliyofaulu kumwotesha katika chombo, kama wanavyooteshwa bakteria wengine. Mwaka 1960 alifanikiwa kukuzwa katika nyayo za panya. Bila ya seli hai hazaliani.

Hila ya kufanana

Jambo moja linawaunganisha bakteria wa kundi hili: kwa vile wamejificha, maradhi yao hufanana na maradhi mengine yanayojulikana zaidi. Mfano mzuri ulitokea Moshi. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji huo. Wagonjwa 528 walikuwa wamehesabiwa kuwa na malaria. Vipimo vilipofanywa kwa makini, walioonekana kuwa na homa ya malaria kwa hakika walikuwa 14 tu. Miongoni mwa waliopimwa maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo, na ndani yake mlikuwamo brusela, homa ya Q na homa zinazoenezwa na kupe, ambazo bakteria wake wote huishi ndani ya seli.

Moshi si Pangani, na malaria ya pwani ni nyingi kuliko ile ya miinuko. Mtoto mwenye homa hapana budi apimwe malaria bila ya kuchelewa. Funzo la Moshi ni kwamba kudhani hakutoshi, hata pale dhana inapoonekana wazi. Katika ukoma funzo hilo hilo hurudi kwa sura nyingine: baka la ukoma hudhaniwa kuwa choa, mba au mbalanga, likapakwa dawa ya dukani mwezi hadi mwezi.

Hali ilivyo nchini

Wako wanaoamini kuwa ukoma ni habari ya kale. Ni kweli kwamba umepungua sana. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, ukaunganisha udhibiti wa maradhi haya mawili, ambayo bakteria wake ni wa ukoo mmoja. Katika miaka ya 1980 dawa mseto zikaanza kutumika nchini. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000.

Hiyo, hata hivyo, ni hesabu ya nchi nzima, na hesabu ya nchi nzima huweza kuficha hesabu ya wilaya. Tanzania bado imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 23 zinazohitaji kuangaliwa kwa namna ya pekee kuhusu ukoma, na mkoa wa Tanga ni miongoni mwa mikoa ambayo imeendelea kuandikisha wagonjwa wapya. Duniani kote mwaka 2023 waliandikishwa wagonjwa wapya zaidi ya 182,000, na kati yao zaidi ya 10,000 walikuwa watoto. Basi mwalimu anayekwenda kufundisha Mwera, Kipumbwi au Mkwaja asidhani kuwa anafundisha historia.

Namna ukoma unavyoambukiza

Bakteria wa ukoma hutoka hasa katika pua na mdomo wa mtu mwenye ugonjwa ambaye hajaanza dawa. Huenea kwa matone madogo ya hewani, kwa watu wanaoishi naye karibu kwa muda mrefu: wanaolala chumba kimoja, wanaokula na kukaa pamoja miezi na miaka. Haupatikani kwa kupeana mkono, kwa kukalia dawati moja, wala kwa kupita njiani. Haurithiwi kwa damu. Huonekana katika jamaa moja kwa sababu jamaa hukaa pamoja, na hapo ndipo palipozaliwa ile imani kwamba ni laana ya ukoo. Watu walio wengi, inakadiriwa zaidi ya 95 kati ya kila 100, wana kinga ya asili, hata wakiambukizwa hawaugui. Mgonjwa akishaanza dawa, muda si mrefu huacha kuambukiza.

Jambo la kushangaza kuliko yote ni mwendo wake. Bakteria wengi wa kawaida, wakipata chakula na joto, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Bakteria wa ukoma huchukua takriban wiki mbili kujigawa mara moja. Ndiyo maana kutoka siku ya kuambukizwa hadi dalili ya kwanza hupita miaka mitano kwa wastani, na wakati mwingine 20 au zaidi.

Mwalimu aifikirie hesabu hiyo kwa makini. Mtoto wa miaka kumi aliyetokwa na baka la ukoma huenda aliambukizwa kabla hajaanza shule. Aliyemwambukiza, kwa uwezekano mkubwa, ni mtu mzima aliye karibu naye ambaye wakati ule hakuwa akitumia dawa, na yawezekana hadi leo hajajijua. Kwa hiyo mgonjwa mtoto huwa ni habari ya watu wawili. Akipelekwa zahanati, wahudumu wa afya hupata sababu ya kuwachunguza wote walio nyumbani, na pengine kumwokoa babu, shangazi au mama ambaye mguu wake ulikwisha kuanza kufa ganzi.

Dalili zake

Bakteria wa ukoma hukaa katika seli za aina mbili hasa: seli nyeupe zilizo katika ngozi, na zile seli zinazoizunguka na kuilinda mishipa ya fahamu, ziitwazo seli za Schwann. Hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, kama vile masikio, pua, viwiko na miguu. Mwalimu akiyaweka mambo haya mawili ubaoni, wanafunzi wanaweza kuzitaja dalili wao wenyewe.

Kwa kuwa wamo katika ngozi, hutokea baka moja au mabaka kadhaa. Kwenye ngozi nyeusi baka huwa na rangi iliyofifia au yenye wekundu. Haliwi jeupe kabisa kama la mbalanga. Mara nyingi huwa kavu, halitoi jasho, na vinyweleo vyake hupungua. Kwa wagonjwa wengine hakuna baka la wazi, bali vinundu au unene wa ngozi katika uso na masikio.

Kwa kuwa wamo katika mishipa ya fahamu, baka hilo hufa ganzi. Haliwashi, haliumi, halisikii mguso. Hapo ndipo linapoachana na choa, ambacho huwasha na kumfanya mtoto ajikune darasani. Mshipa wenyewe huweza kuvimba, hasa ule upitao nyuma ya kiwiko na ule wa upande wa nje chini ya goti. Ukibanwa muda mrefu, misuli inayotegemea mshipa huo hudhoofika: vidole vya mkono hupinda, mguu hulegea ukaburuzwa, jicho likashindwa kufumba.

Vidole havidondoki kwa ukoma, ingawa wengi huamini hivyo. Mtu asiyesikia maumivu hushika sufuria ya moto bila ya kujua, hukanyaga mwiba akaendelea na safari, na jeraha lake huoza kwa kukosa kutunzwa. Majeraha yanayorudiwarudiwa ndiyo yanayokula viungo. Tumezoea kuyaona maumivu kuwa adui. Katika somo hili mwanafunzi atajifunza kuwa maumivu ni mlinzi, na kwamba ukoma huanza kwa kumwondoa mlinzi huyo.

Utambuzi wake

Mhudumu wa afya hutafuta moja kati ya dalili kuu tatu. Ya kwanza ni baka lililofifia au lenye wekundu ambalo limepoteza hisia. Ya pili ni mshipa wa fahamu ulionenepa, pamoja na ganzi au udhaifu wa misuli inayohudumiwa nao. Ya tatu ni bakteria wenyewe kuonekana kwa hadubini katika majimaji yaliyochukuliwa kwa mkato mdogo wa ngozi, aghalabu kwenye ndewe ya sikio. Ikipatikana hata moja kati ya hizo, mtu huhesabiwa kuwa na ukoma.

Kipimo cha hisia ni chepesi mno. Mhudumu huchukua uzi wa pamba, kwanza humwonyesha mgonjwa akiwa macho wazi ili aelewe, kisha humwambia afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Akionyesha penye ngozi nzima na asionyeshe penye baka, jibu limepatikana.

Kipimo hicho hakihitaji umeme wala mtambo, na kinafanyika chini ya mwembe. Lakini hakiwezi kufanywa kwa mtu ambaye hakuja. Ucheleweshaji mkubwa hauletwi na uhaba wa vyombo. Huletwa na baka lisilouma, ambalo mzazi halioni kuwa ugonjwa, na baada ya hapo huletwa na hofu ya jina. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Katika ukoma kifo si kawaida, bali ulemavu ndio unaoumbua.

Tiba yake

Kwa kuwa bakteria huyu amejificha na hujigawa polepole, dawa nazo hutumiwa kwa muda mrefu. Dawa mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni rifampisini, dapsoni na klofazimini. Huunganishwa ili bakteria asipate nafasi ya kuizoea dawa moja, kama ilivyotokea dapsoni ilipokuwa ikitumiwa peke yake. Mwenye mabaka yasiyozidi matano hutibiwa kwa miezi sita. Mwenye zaidi ya hayo, au aliyeonekana na bakteria katika kipimo cha ngozi, hutibiwa kwa miezi kumi na miwili. Dawa hizi hutolewa bure duniani kote tangu mwaka 1995.

Mwalimu ayajue mambo matatu juu ya mwanafunzi anayetumia dawa. Kwanza, klofazimini huifanya ngozi iwe nyeusi zaidi kwa muda, na rifampisini huufanya mkojo uwe na wekundu. Asipolijua hili, huenda wenzake wakamcheka naye akaziacha dawa. Pili, wakati wa tiba au hata baada yake, mabaka huweza kuvimba ghafula na mishipa ya fahamu ikauma. Hiyo si dalili ya kwamba dawa zimeshindwa. Mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuwa mshipa unaweza kuharibika kwa muda mfupi, na asiache dawa. Tatu, mtoto aliyeanza dawa anasoma na wenzake kama kawaida. Hakuna sababu ya kiafya ya kumtenga hata siku moja.

Kuhusu kinga, chanjo ya BCG anayopewa mtoto mchanga dhidi ya kifua kikuu humkinga pia na ukoma kwa kiasi, jambo linaloonyesha tena udugu wa bakteria hawa wawili. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuwa watu wanaoishi na mgonjwa wapewe dozi moja ya rifampisini, baada ya kuchunguzwa na kuonekana hawana dalili.

Somo darasani

Zana za somo hili zinapatikana kijijini. Mwalimu asingoje picha za rangi kutoka mjini.

Hatua ya kwanza: mahindi. Wiki chache kabla ya somo, chukua mahindi kutoka ghala lililoingiwa na fukusi, uchague punje zinazoonekana nzima. Zioshe kwa maji mbele ya wanafunzi, zianike, uzitie katika chupa safi na kuifunga mdomo kwa kitambaa chepesi. Waulize: je, tumewaondoa wadudu? Wengi watasema ndiyo. Baada ya siku kadhaa fukusi wataanza kutoka ndani ya punje. Siku ya somo iweke chupa mezani na uulize maji yalishindwa kwa nini. Wakishajibu wenyewe kwamba mdudu alikuwa ndani, tayari wameelewa kwa nini kingamwili hazimfikii bakteria aliye ndani ya seli, na kwa nini mtu huweza kuonekana mzima miaka mingi baada ya kuambukizwa.

Hatua ya pili: hesabu. Andika 1 ubaoni, na wanafunzi wazidishe kwa mbili mara 26. Watafika 67,108,864. Waeleze kuwa bakteria ajigawaye kila dakika 20 huweza, akipata chakula cha kutosha, kufika hapo kwa saa 8 na dakika 40, yaani kabla ya mtu kumaliza usingizi wa usiku mmoja. Wa ukoma, ajigawaye kila siku 14, huhitaji siku 364. Waache wajadili maana ya tofauti hiyo kwa mgonjwa na kwa mganga.

Hatua ya tatu: mkonge. Chukua singa kumi na tano hivi za mkonge, uzizungushie kitambaa kama ala. Mwanafunzi avute singa moja, nayo itateleza kwa urahisi. Sasa shindilia pamba baina ya singa na kitambaa, ukaze, avute tena. Singa haitoki. Hivyo ndivyo mshipa wa fahamu unavyobanwa seli zinazouzunguka zinapovimba. Watoto wa wilaya ya Pangani, ambako mkonge uliletwa mwaka 1893, hawatahitaji kuelezwa singa ni nini.

Hatua ya nne: usufi. Wanafunzi wakae wawili wawili, kila mmoja na uzi mwembamba wa usufi. Mmoja afumbe macho na anyooshe mkono, mwenzake amguse taratibu mgongoni mwa kiganja, naye aonyeshe alipoguswa. Kisha wabadilishane. Wote waguse mahali pamoja palipotajwa na mwalimu. Zoezi hili ni la kujifunza hisia ni nini. Lisigeuzwe kuwa ukaguzi wa kutafuta nani ana baka, na mwalimu asikubali mwanafunzi amvue mwenzake nguo au kumnyooshea kidole.

Lugha nayo ni zana. Sema “mtu mwenye ukoma” au “mtu aliyeugua ukoma”, usiseme “mkoma”. Neno hili la mwisho humfanya mtu na ugonjwa wake kuwa kitu kimoja, na mtoto aliyelisikia likitamkwa kwa dhihaka na mwalimu wake hatathubutu kusema habari ya baka lake.

Mwalimu aonapo baka

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa darasa la nne ana baka lililofifia mkononi. Limekaa miezi. Hajikuni. Siku moja ameungua jikoni na malengelenge yamemtoka, naye hakulia. Mwalimu afanye nini?

Asitamke jina la ugonjwa, maana kazi ya kutambua ni ya mhudumu wa afya, na choa au mba huenda vikawa ndivyo. Asimpime mbele ya darasa. Amwite faraghani, amuulize kwa upole limeanza lini na kama linawasha. Kisha amwone mzazi au mlezi, ikiwezekana amfuate nyumbani kwa heshima, amweleze kuwa baka lisilowasha na lililokaa muda mrefu yafaa lionekane zahanati, na kwamba uchunguzi wenyewe hauna maumivu. Zahanati ikitia shaka, itawasiliana na mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Mwalimu afuatilie baada ya juma moja kujua kama mtoto alipelekwa, kwani ahadi ya mzazi aliye katikati ya palizi husahaulika upesi.

Jibu likiwa ni ukoma, siri ni ya mtoto na jamaa yake. Mwalimu mkuu ajulishwe iwapo tu mzazi ameridhia. Katika miezi ya tiba, mwalimu amkumbushe siku ya dawa, ampe ruhusa siku ya kliniki, na amwepushe na kazi zinazoweza kumjeruhi mkono usiosikia, kama vile kuchochea moto au kufyeka bila ya kinga. Kwa mtu asiye na habari, upendeleo huo utaonekana mdogo. Kwa mtoto huyo, ndio utakaoamua kama mkono wake utaendelea kushika kalamu.

Hitimisho

Bakteria wa ukoma amejificha ndani ya seli, na kutokana na hilo huenda polepole, hana maumivu, hufanana na maradhi mepesi, na huhitaji dawa za miezi mingi. Mhudumu wa afya humwona mtoto mara chache kwa mwaka. Mzazi humwona kila siku, lakini amelizoea lile baka. Mwalimu humwona kila siku pamoja na wenzake arobaini au zaidi, na hiyo ndiyo nafasi yake ya pekee: anaweza kulinganisha. Mwalimu mwanafunzi anayejiandaa leo kwa kazi hiyo ajifunze kuliona baka, na ajifunze kunyamaza mbele ya darasa na kusema mbele ya mzazi.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa nini kingamwili pekee haziwezi kuumaliza ugonjwa ambao bakteria wake huishi ndani ya seli.

2. Mzazi anakuambia kuwa ukoma ni wa ukoo wa mume wake, hivyo hauhusu zahanati. Utamjibuje bila ya kumvunjia heshima?

3. Kwa nini kupatikana kwa mtoto mwenye ukoma kijijini ni sababu ya kuwachunguza watu wazima wa nyumba yake?

4. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 ukitumia hatua mbili kati ya nne zilizoelezwa. Eleza kwa nini umezichagua hizo, na kama shuleni kwako hakuna mkonge, taja kitu cha mazingira yenu kitakachofanya kazi hiyo hiyo.